Pumzi ya Bibi Ndani ya Tenga

Pumzi ya mtu ikishatoka kinywani mwake, bado ni yake?

Niliuliza swali hilo nikiwa mtoto, nimekaa katikati ya mtumbwi, tenga mapajani, na ndani ya tenga mna puto moja jekundu. Baba, aliyekuwa akipiga kasia, alisema nikawaulize walimu wangu. Shangazi alisema ninyamaze, maana nikisema sana natikisa tenga. Jibu sikulipata siku ile, sikulipata shule ya kati, wala chuo kikuu, ambako nilijifunza kuuliza maswali kwa Kiingereza nikadhani ndiyo nimeyajibu.

Shangazi alikuwa dada yake baba. Alikaa Kibiti, kando ya barabara ya Lindi, na mimi nilikaa naye kwa sababu Kibiti kulikuwa na shule na kwetu Kiongoroni hakukuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kupamba harusi. Alipoanza, kabla sijazaliwa, alipamba kwa makuti machanga aliyoyasuka, karatasi za shashi na vikuba vya asumini. Maputo yalikuja baadaye, siku serikali ilipomsherehekea Malkia wa Uingereza. Sisi watoto wa shule tulipangwa mistari juani, tukaimba wimbo tusioujua maana, kisha kila mmoja akapewa kibendera, peremende na puto. Vibendera vilipotea siku hiyohiyo. Maputo mengi yalipasuka kabla ya adhuhuri. Yaliyosalia shangazi aliyanunua kwetu kwa vitumbua, moja kwa kimoja, na tukamwona mjinga.

Hatukuyaita maputo wakati huo. Tuliyaita vibofu, kwa kuwa kitu pekee tulichokijua cha kupuliza kikavimba ni kibofu cha mbuzi wa Idi. Jina hilo lilimletea shangazi shida. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliposikia kwamba nyumba ya harusi imepambwa kwa vibofu, alikuja mwenyewe kuuliza ni vibofu vya mnyama gani, na kama mnyama huyo alichinjwa. Shangazi alimpa kimoja akipapase. Alimweleza kwamba ni utomvu wa mti. Mwalimu alikipapasa, akakinusa, akakivuta kikamponyoka kikampiga puani, akasema hakuna ubaya ila watoto wasiingie navyo msikitini.

Baada ya hapo Mhindi mwenye duka alikubali kumwagizia maputo kutoka Dar es Salaam. Hayakuwa mengi na hayakuwa rahisi, kwa hiyo shangazi aliyatunza kama mtu anavyotunza vyombo vya udongo vya kukopa. Hakufunga puto kwa kulipiga fundo shingoni, kama wafanyavyo watu leo. Alilifunga kwa uzi wa ukindu uliolowekwa, kwa fundo la kuteleza: ukivuta ncha moja linaachia lenyewe. Harusi ikiisha, aliyafungua moja moja, akayaosha, akayakausha kivulini, akayapaka unga wa muhogo ndani na nje yasigandane, akayaweka katika kopo la maziwa. Puto moja liliweza kuona harusi nyingi. Lilizeeka kama watu: lililegea shingo, likapauka, likapata mikunjo.

Matao yake aliyatengeneza kwa fito za mikoko ambazo baba alimletea kutoka Kiongoroni, zikiwa bado mbichi. Fito mbichi hukunjika bila kuvunjika. Alichimbia ncha mbili mlangoni kwa bibi harusi, akapata upinde, akauzungushia vitambaa vya kanga kuukuu ili vifundo vya fito visitoboe maputo, kisha akaning'iniza maputo kwa vichala. Jua likipanda, alitandaza kanga yenye maji juu ya upinde wote, kwa sababu maputo hayapendi joto. Wageni wakifika tu, kanga inaondolewa. Watu walipiga vigelegele wakidhani ni bibi harusi anatoka, kumbe ni maputo.

Alikuwa na sharti moja ambalo sikulielewa. Maputo hayakupulizwa na yeye peke yake, wala na watoto, hata kama tulilia kuomba. Yalipulizwa na wanawake wa upande wa bibi harusi: mama zake, mashangazi, dada zake. Kila mmoja alisema Bismillahi kwanza. Aliyekula kitunguu alirudishwa akasukutue. Shangazi alisema nyumba haipambwi na mpira, inapambwa na pumzi za ndugu, na mpira ni chombo tu. Nilimuuliza angejuaje, puto likiwa limeshafungwa, kama ndani mna pumzi ya ndugu au ya jirani. Alisema mimi nitakosa mume.

Kisha ikaja zamu ya nyumba yetu. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka mingi, alilelewa na bibi kule Kiongoroni. Bibi huyo ndiye mama yake baba na mama yake shangazi. Mama yetu alikufa akinizaa mimi. Bibi akamchukua dada, na mimi nilipopata miguu nikapelekwa kwa shangazi. Kwa hiyo tulikuwa ndugu wa tumbo moja waliokuwa na mama wawili, na kila mmoja aliona mwenzake ndiye aliyepata mama mzuri zaidi.

Dada alichumbiwa na dereva wa lori wa Kibiti. Alikuwa kijana mpole, na dada alimtaka. Hilo halikuwa na shaka, kwani kila lori lilipopiga honi alisahau alichokuwa akisema. Harusi ilipangwa Kibiti, nyumbani kwa shangazi, kwa sababu mama yake bwana harusi aliapa hapandi mtumbwi. Alisema yeye ni mtu wa mihogo, na maji yanayotembea hayaamini. Dada akaletwa kwetu mapema, akawekwa ndani, akaanza kusingwa na kufundwa.

Katika ukoo wetu kuna desturi. Asubuhi ya ndoa, kabla bibi harusi hajatoka chumbani, bibi yake humkalisha sakafuni mbele yake, akasoma Fatiha na Kul-huwa, akampulizia utosini. Ndipo huyo binti huruhusiwa kuvuka kizingiti. Mama alipuliziwa. Shangazi alipuliziwa. Hakuna aliyekumbuka binti aliyetoka bila hiyo, na bibi alikuwa ameahidi kuja.

Habari ilifika na watu waliokuwa wakipeleka boriti: miguu ya bibi imevimba, hawezi kukanyaga chini, na mganga wa serikali aliyepita kwenye visiwa amemkataza kusafiri. Shangazi akaenda kumwambia dada. Nilikuwepo. Dada alikuwa amepakwa liwa uso mzima, na machozi yalipita katika liwa yakaacha njia mbili.

"Shangazi," alisema, "mimi siwakatalii mume. Nawakatalia kutoka. Sivuki mlango huu mpaka bibi anipulizie."

Wakajaribu kila namna. Shangazi alijitolea kumpulizia yeye. Dada alisema yeye shangazi si bibi. Walimwambia harusi iahirishwe mpaka bibi apone, lakini Shaaban ilikuwa inaishia, na baada yake ni Ramadhani. Na upande wa mume ulishatuma ujumbe kwamba kuahirisha ndoa kwa ajili ya miguu ya mtu ni njia ya heshima ya kusema hatumtaki kijana wao. Wanawake wa jirani walipendekeza bibi asomee maji kwenye chupa, kama wagonjwa wafanyiwavyo. Mimi niliona hilo ni wazo la akili kuliko yote. Lakini dada alitikisa kichwa. Maji ya dua ni ya mgonjwa, alisema, na yeye haumwi, anaolewa.

Shangazi alitoka nje. Alirudi na lile kopo la maziwa, akalimimina kitandani, akaanza kuchagua. Aliacha yaliyozeeka. Alichukua puto jekundu ambalo halijawahi kutumika, akalivuta mara kadhaa kulilainisha, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi yako haji," akamwambia dada. "Pumzi yake itakuja."

Dada alimtazama, akatazama puto, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile alicheka. Alisema sawa. Likifika limejaa, atatoka.

Basi tukaenda Kiongoroni, shangazi na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na mapaja ya kuwekea tenga. Lori lililokwenda kuchukua boriti lilitupitisha Ruaruke mpaka Nyamisati, na hapo baba alikuwa akitungoja na mtumbwi, maana maji yalikuwa yamejaa na hakutaka yakupwe yatuache juu ya matope.

Tulimkuta bibi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ameifunika kanga kama mtu anayeficha kitu alichokiiba. Alikuwa anatafuna tambuu. Aliponiona alisogea kidogo.

"Mke mwenzangu," alisema. "Umekuja kuninyang'anya mume? Umechelewa, keshakufa."

Shangazi alimweleza kisa chote. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akaomba alione puto. Alilivuta, akalinusa kwa muda mrefu.

"Mbungo huu," alisema.

Alituambia kwamba alipokuwa mdogo kama mimi, zama za Wadachi, alikuwa akienda msituni na baba yake kukata mashina ya mibungo. Utomvu ulipotoka waliupaka mikononi, ukikauka wakaubandua pamoja na vinyweleo, wakauviringa kuwa madonge, madonge yakapelekwa kwa Mdachi. Hakuna aliyewaambia yanakwenda kufanya nini. Aliligeuza puto, akatikisa kichwa.

"Kumbe walikuwa wanafanya vibofu. Na viboko vyote vile."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Nilikuwa nimelala na maputo nyumba moja tangu siku ile ya Malkia, nami nilijua hali zao. Puto lililopulizwa asubuhi halikuwa puto lilelile jioni. Nikamwambia, "Bibi, pumzi itatoka."

"Itatoka," alisema. "Hata mimi nitatoka. Wahini tu."

Alitema tambuu, akasukutua. Akaomba kutiliwa udhu palepale alipokaa, na shangazi akamwagia maji kwa kata. Kisha akasoma. Alisoma taratibu, macho amefumba, na mwisho wa kila sura akalitia puto mdomoni akapuliza. Mara ya kwanza upepo wote ulipita mashavuni, kwa sababu meno ya mbele hakuwa nayo. Shangazi alipiga magoti, akamzungushia vidole viwili midomoni kuubana mpira, kama mtu anayemnywesha mtoto uji, na hapo puto likaanza kuinuka. Likawa chungwa. Bibi akapumzika, shangazi ameikamata shingo ya puto. Likawa kubwa kuliko chungwa. Bibi akakohoa, akanuna, akapuliza tena. Lilipofikia dafu dogo aliusukuma mkono wa shangazi.

"Basi," alisema. "Iliyobaki naihitaji."

Shangazi alifunga kwa ukindu, fundo lake la kuteleza. Bibi alilishika lile puto mapajani kwake muda kidogo kabla ya kulitoa. Alisema tumwambie dada asilie sana siku ya harusi, macho yatavimba, mume afunue kitambaa amkute bundi.

Tenga lilikuwa la ukindu, lenye kifuniko. Ndani tuliweka pamba ya mti na kanga laini ya bibi mwenyewe. Njia ya kutoka Kiongoroni hupita katika vijito vyembamba ambamo mikoko hukutana juu, na mizizi yake imeota chaza wakali kama wembe. Mtumbwi ukigusa, unasikia wanakwaruza. Nililikumbatia tenga kwa mikono yote miwili. Baba alipiga kasia kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwake, na alikuwa anacheka peke yake.

"Nimebeba boriti," alisema, "nimebeba chumvi, nimebeba maiti. Upepo sijawahi."

Shangazi alimwambia aangalie mbele. Ndipo nilipouliza swali langu, na ndipo nilipoambiwa ninyamaze. Lakini akili haikunyamaza. Kama pumzi inayotoka ni ya bibi, basi inayopotea njiani ni ya bibi pia, na vijito vile vyote sasa vina pumzi yake. Na kama bibi alipumua kila siku ya maisha yake Kiongoroni, basi hewa ya Kiongoroni nzima ilikuwa imeshapita kifuani mwake, na ingetosha kuchota yoyote. Nilimweleza baba. Alisema ndiyo maana hakuwa amenipeleka chuoni kwa muda mrefu, angenirudisha mwalimu.

Nyamisati tulipata lori la kurudi, limejaa boriti. Tulikaa mbele na dereva. Utingo aliponiona nimelikumbatia tenga namna ile alitaka kujua mna kuku au mayai, maana mayai hayafai kwenye barabara ile.

"Mna mama yangu," shangazi alijibu.

Utingo alikwenda kukaa nyuma kabisa, juu ya boriti.

Tulifika Kibiti jua limeinama. Shangazi alifunga mlango wa ukumbi, tukafungua tenga. Puto lilikuwa zima, lakini halikuwa lile tuliloondoka nalo. Lilirudi kwenye chungwa, na shingoni lilikuwa na mikunjo kama ngozi ya kiwiko. Nilisema, "Umeona?" Shangazi alilifinya kidogo kwa vidole viwili. Nilimwona amekasirika, na haikuwa kwangu.

"Dua haina tundu la kutokea," alisema.

Nilimwambia pumzi inalo. Angeweza kuliongeza yeye palepale. Fundo lilikuwa lake, mdomo anao. Nilimwona analifikiria jambo hilo. Kisha akalirudisha kwenye kanga ya bibi na kulifunika, akasema kwamba pumzi ya mtu haizimuliwi kama uji, na litakalokutwa asubuhi ndilo atakalopelekewa dada, na akikataa kutoka, atakuwa amekataa. Akatoka nje kuwasimamia wanawake waliokuwa wakipuliza maputo ya tao. Jioni ile ndiyo pekee niliyomwona akifunga maputo bila kuimba.

Tenga liliwekwa chumbani kwa dada, na mimi nikaambiwa nilale kando yake nisije panya wakaligusa. Dada hakufunua. Mwali aliyewekwa ndani hagusi kitu, hata maji huletewa mdomoni. Aliniuliza tu bibi alikuwa na hali gani. Nilimweleza mbungo, na Wadachi, na mke mwenzangu. Nilimweleza jinsi shangazi alivyombana midomo. Puto lenyewe sikumweleza, kwa kuwa niliogopa atasema basi, na asubuhi ifike, watu wote wamekuja, upinde umesimama mlangoni, na mlango haufunguki.

Niliamshwa na shangazi baada ya sala ya alfajiri. Wanawake kadhaa walikuwa nyuma yake. Alikuwa amelifunua tenga, na alikuwa amesimama tu.

Puto lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa kuliko tulivyoondoka nalo Kiongoroni. Lilisukuma kanga juu, linang'aa, mikunjo yote imekwisha. Shangazi alisema Allahu akbar kwa sauti ndogo, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani.

Mimi niliangalia fundo.

Halikuwa fundo la shangazi. Uzi ulikuwa uleule wa ukindu, lakini ulikuwa umezungushwa mara mbili, ncha ikapitishwa chini na kukazwa, fundo la mtu asiyekusudia kufungua tena. Na fundo hilo nililijua. Ndilo bibi alilofungia vipeto vyake vya chumvi, akaning'iniza juu ya jiko. Nilimwonyesha shangazi kwa kidole. Aliliona, akakaa chini. Aliapa kwa msahafu, mbele ya wote, kwamba hakuingia chumba kile tangu jioni. Nilimwamini. Kila mmoja wa wale wanawake akaapa. Hakuna aliyefikiri kumwapisha dada, aliyekaa kitandani amefunikwa kanga gubigubi, mwali asiyegusa kitu.

Wakamkalisha sakafuni. Shangazi akalileta puto juu ya utosi wake ili kulifungulia, kama bibi angepuliza. Alivuta ncha ya ukindu kwa mazoea, na fundo halikuachia. Akavuta tena. Akajaribu kwa kucha. Mwishowe akainama, akaling'ata kwa meno, na uzi ukakatika kabla hajajiandaa kuibana shingo.

Kila aliyewahi kuachia puto anajua lilivyolia. Lilimponyoka, likazunguka juu ya kichwa cha dada likitoa sauti ndefu, nyembamba, isiyo na adabu hata kidogo, likagonga ukuta, likaanguka kwenye mto wa bibi harusi. Watu walikuwa wameweka mikono tayari kwa kuitikia amina.

"Ndiyo sauti yake hiyo," alisema shangazi, "akiamka amekasirika."

Sijawahi kusikia wanawake wakicheka vile katika chumba cha dua. Mabega ya dada yalitikisika chini ya kanga, na aliyekuja amechelewa mlangoni aliwaambia wenzake nje kwamba binti ana adabu, analia vizuri. Kisha dada akasimama mwenyewe, bila kushikwa mkono, akavuka kizingiti, akapita chini ya upinde wa maputo ambao jua lilikuwa bado halijaufikia.

Kisa kilitangulia kufika Kiongoroni. Bibi aliposimuliwa, alisema tu kwamba kifua chake hakijazeeka kama miguu. Alikufa masika ya mwaka uliofuata, nikiwa shuleni. Lile puto jekundu shangazi hakulirudisha kwenye kopo na mengine. Alilipaka unga, akalikunja katika kipande cha kanga, na hakulitundika tena kwenye harusi yoyote, ingawa lilikuwa jipya na yeye hakuwa mtu wa kuacha puto zima likae bure.

Mimi niliendelea kubishana na asubuhi ile. Shule ya kati nilimuuliza mwalimu wa sayansi kama joto linaweza kulijaza puto. Alisema linaweza kulitanua. Nilimuuliza kama joto linaweza kufunga fundo. Alinitoa nje. Chuo kikuu nilisoma kwamba mpira una vitundu vidogo visivyoonekana, na kwamba hewa hupita humo bila kuomba ruhusa, kwa hiyo nilikuwa nimesema kweli tangu utotoni, na kweli hiyo haikunisaidia lolote. Nilimshuku shangazi, nikamwondolea shaka. Nilimshuku mama mkwe aliyeogopa maji. Usiku mmoja bwenini niliwasimulia wenzangu, na mmoja akasema basi amini tu kwamba ni bibi, ina ubaya gani? Sikuweza kumwambia una ubaya gani. Niliweza tu kumwambia kwamba bibi mwenyewe alisema itatoka.

Likizo moja, bendera ya Mwingereza ikiwa imeshateremshwa, nilikwenda Ruaruke kumtembelea dada. Mumewe alikuwa ameacha lori na kulima. Walikuwa na watoto watatu, na yule mdogo alikuwa ana mafua na hataki kushuka mgongoni. Dada alikuwa ananifungia chumvi ya kumpelekea shangazi. Aliimimina kwenye kitambaa, akakusanya pembe, akauzungusha ukindu mara mbili, akapitisha ncha chini, akakaza.

Niliitazama mikono yake. Mtu aliyelelewa na bibi tangu utotoni angefunga kipeto kwa fundo la nani? Miaka yote ile nimetafuta mbali.

"Ni wewe," nilisema.

Hakuuliza nazungumza nini. Alicheka, akamsogeza mtoto mgongoni.

"Ulilala umelikumbatia tenga," alisema. "Nikafunua nione. Limenyauka kama korosho. Nikakutazama wewe. Nikamfikiria shangazi akija asubuhi na uso wake ule. Nikasema hawa watu wamevuka maji kwa ajili yangu."

Nilimwambia, basi ile haikuwa pumzi ya bibi. Ilikuwa yake mwenyewe, na alijipulizia mwenyewe. Nilisema kwa ushindi kidogo, kama mtu aliyemaliza hesabu. Dada aliweka kipeto mkononi mwangu, akanitazama kama anavyomtazama yule mtoto wake mdogo akikataa dawa.

Akaniambia kwamba alilegeza fundo puto likiwa tayari mdomoni mwake, akaivuta kifuani pumzi yote ya bibi iliyosalia, ikanukia tambuu, akaizuia mpaka akaona kizunguzungu, na ndipo alipoirudisha ndani pamoja na yake.